Nchi ikishinda vita na kuishiwa

Mwanangu,

Umeniuliza wanadiplomasia wa Uingereza waliishije baada ya 1945, nchi yao iliposhinda vita huku hazina ikiwa tupu, na kama iliwauma. Nashukuru hukuniuliza habari za Churchill. Akishatajwa yeye, wengine hawasikiki tena.

Keynes, mchumi wao mkuu, alikwenda Washington mwaka huo akitumaini kupewa msaada, akarudi na mkopo: dola bilioni 3.75, riba asilimia 2. Ulimalizika kulipwa mwisho wa 2006.

Ila mimi huvutiwa zaidi na Februari 1947. Baridi kali, makaa ya mawe haba, viwanda vimefungwa. Ubalozi wa Uingereza ukawapelekea Wamarekani nyaraka mbili: baada ya 31 Machi hatutaweza tena kuzisaidia Ugiriki na Uturuki, tunatumaini mtatupokea mzigo. Ukizisoma haraka utaona ni kusalimu amri. Lakini hawakujigamba, hawakuzungusha maneno. Walitaja tarehe, na hofu ya Usovieti ikafanya kazi iliyobaki. Tarehe 12 Machi Rais Truman alikuwa mbele ya Bunge lake akiomba dola milioni 400 kwa nchi hizo mbili. Wapo wanaosema ilikuwa hila. Mimi naona ni dhiki ya kweli iliyosemwa kwa wakati wake.

Bevin, waziri wao wa mambo ya nje, aliendelea hivyohivyo. Marshall, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipotoa hotuba Harvard mwezi Juni ya kuisaidia Ulaya, Bevin hakungoja afafanuliwe; kufika Julai, nchi 16 zilikuwa zimekaa Paris kupanga namna ya kuupokea msaada huo. Fedha hakuwa nazo, lakini aliwahi mezani.

Waziri mkuu Eden ndiye aliyejifanya hakuna kilichobadilika. Mwaka 1956, katika mambo ya mfereji wa Suez, alipatana kwa siri na Ufaransa na Israel kuishambulia Misri, akamficha hata balozi wake wa Paris, Jebb. Washington balozi hakuwepo kabisa: Makins ameondoka, Caccia hajafika. Paundi ikayumba, Rais Eisenhower wa Marekani akagoma kuiokoa mpaka wakubali kuondoa majeshi. Januari 1957 Eden akajiuzulu.

Iliwauma, ndiyo. Mwaka 1962 Acheson, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alisema hadharani kwamba Uingereza imepoteza himaya yake na bado haijapata nafasi mpya, na London ikawaka hasira. Nadhani aliyeyasema ndiye aliyewachoma zaidi, maana Acheson huyohuyo ndiye aliyezishughulikia zile nyaraka za 1947.

Baba yako