Tazama Ukingo wa Rundo Kabla ya Kuita Tingatinga

Zuia tingatinga hilo lisiingie shambani Jumamosi. Umeuliza iwapo rundo la mawe katika ardhi yako ya Gilgil ni la asili au ni kaburi la kale, kama mawe yake yanafaa msingi wa nyumba, na lori moja huuzwa kwa bei gani. Niliuliza hayohayo kuhusu rundo langu karibu na Nakuru, na dalali aliyeniuzia kiwanja akanijibu, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuinama kutazama jiwe, kwamba yalikuwa mawe yaliyotapikwa na volkeno. Kumbe volkeno hiyo ilikuwa hodari wa kupanga mawe kwa duara!

Kosa langu lilikuwa kutazama kilele. Huko juu kila rundo hufanana na jingine: nyasi, mijusi, mawe yaliyolegea. Ukingoni ndipo yanapoachana. Mwamba unaomomonyoka mahali pake huacha mawe ya aina moja yaliyokaa juu ya mwamba wenyewe, na ukingo wake hutawanyika kuelekea mteremko; kichuguu kilichokufa, ukikikwangua, ni udongo mtupu. Rundo langu lilikuwa na mawe makubwa yaliyosimikwa kama pete, madogo yakajazwa ndani, na kitovu kilichobonyea kidogo, ambacho mimi, mtaalamu wa kujipachika, nilidai ni kazi ya fisi. Tingatinga lilimaliza kwa nusu saa. Udongoni tukakuta mifupa ya mtu aliyezikwa amekunjwa, na bakuli la jiwe lililopasuliwa vipande viwili na mashine yetu. Hapo ndipo nilipokumbuka Hyrax Hill, eneo la mabaki ya kale karibu na Nakuru, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba makaburi ya kale mwaka 1937 na 1938, na ambako nilikuwa nimewapeleka watoto wangu kula sambusa bila kusoma kibao hata kimoja.

Wataalamu walipofika waliuliza mawe yalikuwa yamepangwaje, kwa kuwa mpangilio ndio ushahidi wenyewe, nikawaonyesha lori. Mafundi walikataa kurudi, na mtaro wa msingi umeota nyasi hadi leo. Dalali hapokei simu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na urithi inakutaka utoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7 baada ya kugundua kitu cha namna hiyo. Usiinue hata jiwe moja. Picha zote ulizoweka pamoja na swali lako ni za kilele. Lizunguke rundo, upige picha za ukingo wake pande zote, kisha uzilete hapa kabla ya Jumamosi.