Msamaria, Mtoza Ushuru na Bili ya Hospitali

SWALI: Wahariri, salamu. Yesu aliponya wagonjwa bila kutoza senti. Mbona Wakristo wahafidhina wa Marekani ndio walio mstari wa mbele kupinga serikali kuwalipia watu matibabu?

JIBU: Salamu nawe. Wengi wao hawapingi mgonjwa kusaidiwa. Wanachobishania ni nani amsaidie, na fedha ipatikane vipi. Msamaria mwema, husema, alitoa dinari mbili za mfukoni mwake. Hakumtuma mtoza ushuru akazichukue kwa jirani. Kodi hukatwa upende usipende, kwa hiyo machoni pao si tendo la huruma. Tena wanahofia kwamba serikali ikishika kazi yote, kanisa litalala.

Wakatoliki wana hoja nyingine, kanuni auni. Papa Pio XI aliieleza katika waraka wa 1931: jambo ambalo familia, parokia au chama kidogo kinaliweza, chombo cha juu kisikinyang'anye. Waprotestanti wa mkondo wa Calvin huegemea kwa Mholanzi Abraham Kuyper, aliyefundisha kwamba familia, kanisa na serikali kila kimoja kina nyanja yake chini ya Mungu.

Ila kanuni auni ina upande wa pili ambao wahafidhina wengi huuruka. Wa chini akishindwa, wa juu anawajibika kumwauni. Jina lenyewe linasema hivyo. Kapu la sadaka la Jumapili linaweza kumnunulia mjane dawa. Halilipi matibabu ya saratani ya miaka miwili, na hapo ndipo hoja yao hupwaya. Papa Yohane XXIII aliyataja matibabu miongoni mwa haki za binadamu mwaka 1963, na maaskofu wa Marekani wamedai kwa miongo mingi kila mtu afikiwe. Hata ndani ya chama cha Republican hawasemi kwa sauti moja. John Kasich, aliyekuwa gavana wa Ohio, aliupanua mpango wa Medicaid wa watu maskini mwaka 2013, akiwaambia wenzake kwamba mlangoni pa mbinguni Mtakatifu Petro hatauliza ulipunguza serikali kiasi gani, atauliza uliwatendea nini maskini.

SWALI: Kama maaskofu wanataka kila mtu atibiwe, kwa nini waliipinga sheria ya afya ya Rais Obama ya 2010?

JIBU: Kwa sababu ya utoaji mimba. Tangu 1976 bajeti ya serikali kuu hubeba kifungu kiitwacho Hyde, kinachokataza fedha hiyo kulipia utoaji mimba isipokuwa kwa hali chache. Leo ni uhai wa mama ukiwa hatarini, ubakaji na uzinzi wa maharimu. Kifungu hicho si sheria ya kudumu. Hufungwa kwenye bajeti, hivyo kila mwaka hupiganiwa upya.

Novemba 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha nyongeza ya Bart Stupak, Mdemokrati Mkatoliki, iliyopeleka katazo hilo hadi kwenye bima ambazo sheria hiyo ingezipa ruzuku ya serikali. Seneti haikuikubali. Ilichokubali ni utaratibu wa kihasibu: kampuni ya bima inayogharimia utoaji mimba ikusanye malipo yake kando, si chini ya dola 1 kwa mwezi kwa kila mwenye bima, na kuyaweka kwenye akaunti ya peke yake. Wanaoutetea husema ruzuku haigusi kitu. Wanaoupinga husema fedha ni maji, ukijaza ndoo moja umeipunguzia nyingine mzigo. Stupak aliridhika na amri ya rais ya Machi 2010 ya kulithibitisha katazo hilo, maaskofu hawakuridhika. Shirikisho la hospitali za Kikatoliki, likiongozwa na Sista Carol Keehan, liliiunga mkono sheria hiyohiyo. Katekisimu moja, hesabu mbili.

Baadaye likaja agizo kwamba bima za waajiri zigharimie njia za kuzuia mimba. Wenye maduka ya Hobby Lobby walikataa njia 4 kati ya 20, wakiamini zinaweza kuua kiinitete. Juni 30, 2014 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4, ikitumia sheria ya uhuru wa dini ya 1993.

SWALI: Binti yangu na mumewe wako Marekani. Kanisani wameshauriwa waache bima na kujiunga na chama cha Kikristo cha kuchangiana matibabu, kwa kuwa ni nafuu. Je, ni salama?

JIBU: Mama, jambo la kwanza wanalopaswa kulielewa ni kwamba hiyo si bima. Vyama hivyo vyenyewe huandika hivyo kwenye karatasi zao, na sheria huvichukulia hivyo. Mwanachama hutoa mchango wa kila mwezi, na michango hiyo hulipia bili za wenzake. Hakuna mkataba unaokilazimisha chama kulipa. Sheria ya 2010 iliwasamehe wanachama wake faini ya kukosa bima, mradi chama kiwe kimekuwepo na kuchangiana bila kukatika tangu Desemba 31, 1999, kisimfukuze mtu kwa kuwa ameugua, na kikaguliwe na mhasibu wa nje kila mwaka. Faini ya serikali kuu imekuwa sifuri tangu 2019, lakini vigezo hivyo bado ni ungo mzuri. Wadai ripoti ya ukaguzi kabla ya kutoa dola moja. Sheria inasema apewe yeyote anayeiomba.

Kisha wasome kanuni za chama, hasa kurasa za yasiyochangiwa. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga mara nyingi huachwa nje kwa miaka au huwekewa kikomo. Mimba ya nje ya ndoa, madhara ya ulevi na mara nyingi matibabu ya akili hayamo. Kama mmoja wao ana kisukari au pumu, tungewashauri wabaki na bima.

Unafuu una chanzo chake: walio na maradhi ya zamani hawapewi nafasi sawa, na chama hakilazimiki kutunza akiba kama kampuni ya bima. Mwaka wa bili nyingi, malipo huchelewa. Hospitali haingoji. Inamjua mgonjwa tu, wala haikijui chama, na deni linabaki jina lake.

Wakijiunga, waseme mapokezini mapema kwamba wanajilipia wenyewe, waombe bili yenye mchanganuo wa kila huduma, waombe punguzo, kisha wapeleke karatasi kwa chama kabla ya muda uliowekwa kwisha. Tuseme bili ni dola 18,000, hospitali ikaishusha hadi 11,000, na sehemu ya kujilipia ni 1,000: kinachoombwa kwa wenzao ni 10,000. Risiti ya jumla isiyo na mchanganuo ni sababu ya kawaida ya madai kurudishwa.

Kuna mitego miwili ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Ukitoka kwenye chama katikati ya mwaka, kutoka huko peke yake hakukufungulii dirisha la kununua bima kwenye soko la serikali. Unangoja usajili wa Novemba. Na mzee wa miaka 65 asidhani chama kinachukua nafasi ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Akichelewa kujiunga na sehemu B, inayolipia madaktari, mchango wake huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na nyongeza hiyo kwa kawaida haiondoki.

SWALI: Ni kweli Waamishi hawakatwi kodi ya Medicare?

JIBU: Kwa sehemu. Waamishi ni Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale na kutunzana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1961 maofisa wa kodi walikamata farasi watatu wa mkulima Mwamishi huko Pennsylvania kwa sababu alikataa kulipa kodi ya hifadhi ya jamii, na aibu ile ilisaidia kuleta msamaha wa 1965, ndani ya sheria ileile iliyoanzisha Medicare. Anayejiajiri hujaza fomu namba 4029 na kuyaacha mafao yote, ya uzeeni na ya matibabu. Dhehebu lake liwe limekuwepo na kuwatunza watu wake mfululizo tangu Desemba 31, 1950. Mwajiri Mwamishi alipotaka msamaha huo uwaguse na wafanyakazi wake, Mahakama ya Juu ilimkatalia mwaka 1982 bila jaji hata mmoja kupinga. Bunge ndilo lililolegeza mwaka 1988, na hapo pia mwajiri na mfanyakazi wote wawili lazima wawe wa dhehebu kama hilo, kila mmoja na msamaha wake.