Kushirikisha mafaili kwenye mtandao: anza na SMB, ila SMB1 iache izimwe

Watu wengi wakitaka kompyuta zao zishirikiane mafaili, huuliza kwanza itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta) ipi ina kasi. Mimi huanza kwingine: kompyuta hizo zinatumia mfumo gani, na zote ziko ndani ya mtandao mmoja?

Zikiwa ndani ya ofisi moja, na kati yake ipo Windows hata moja, weka SMB, itifaki ya kushirikisha mafaili inayotumiwa na Windows, usijisumbue. Windows inayo tayari, Mac imeipa nafasi ya kwanza tangu 2013, na Linux ina Samba, programu ya SMB iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mtego upo kwenye vifaa vikuukuu. Skana ya zamani itagoma kuunganishwa, na atatokea mtu wa kukwambia uwashe SMB1, toleo la kwanza la SMB. Kataa. Toleo hilo ndilo lenye tundu walilolitumia wahalifu wa virusi vya WannaCry Mei 2017, mafaili yakafungwa hadi katika hospitali za Uingereza na malipo yakadaiwa. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi! Skana kama hiyo mimi huiacha itume kwa barua pepe, au kwa flashi, kuliko kuirudisha seva nzima (kompyuta inayotunza mafaili ya wote) nyuma kwa ajili yake.

Kompyuta zote zikiwa Linux, NFS, itifaki nyingine ya kushirikisha mafaili, ni nyepesi na inapendeza kuitumia. Ilitoka Sun Microsystems mwaka 1984, na bado ina imani ya zama zile: katika mpangilio wake wa kawaida seva haikuulizi nenosiri, inaipokea tu namba ya mtumiaji inayoletwa na kompyuta yako. Kwenye Linux nyingi mtumiaji wa kwanza hupewa 1000. Basi 1000 wa kompyuta ya mapokezi, mbele ya seva, ndiye huyohuyo 1000 wa kompyuta ya mhasibu, na mafaili ya mshahara anayafungua bila kuvunja chochote. Panga namba za watumiaji mwenyewe, zisigongane. Kwenye /etc/exports, faili la mipangilio ya NFS kwenye seva, taja anwani za kompyuta unazoziruhusu, na usiandike no_root_squash, inayompa msimamizi wa kompyuta nyingine mamlaka ya msimamizi juu ya mafaili hayo, eti kwa sababu umeiona kwenye mfano wa mtu. Kerberos, mfumo wa kuthibitisha mtumiaji ni nani, ingemaliza tatizo hili, ila kwa ofisi ya kompyuta chache naona jasho lake ni jingi mno.

Mafaili yakitoka nje, kupitia intaneti, tumia SFTP, itifaki ya kutuma mafaili kwa usalama. Inapita ndani ya SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta mbili, poti 22, na kila kitu kinasimbwa (kinageuzwa kisisomeke) njiani. FTP ya kale, iliyoanza 1971, hupeleka nenosiri lako wazi, na anayechungulia mtandao analisoma. Poti 445 ya SMB usiifungue kwenye raota hata kwa siku moja. Anayetaka folda ya ofisini akiwa mbali apitie VPN, njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ofisi.

Na kabla hujailaumu itifaki kwa uzito, acha Wi-Fi, chomeka waya ujaribu tena. Folda yenye maelfu ya picha ndogo itachelewa kuliko faili moja kubwa la uzito uleule, kwa kuwa kila picha hufunguliwa, huandikwa na kufungwa peke yake. Zikusanye kwanza kwenye zip moja. Kama ni folda unayoinakili kila wiki, tumia rsync, programu ya kunakili mafaili: safari ya pili inapeleka yaliyobadilika tu.