Mpwa anasema yule ni rafiki tu

SWALI: Shikamoo Anti. Mi natunza wazee majumbani hapa Lowell, Massachusetts. Kuna babu mmoja ana sukari na moyo, anaishi na mzee mwanaume mwenzie tangu ujana wao, ni wapenzi ila ndoa hawajafunga. Juzi mpwa wake kaja kutoka Florida anasema yule ni rafiki tu, babu akizidiwa apigiwe yeye. Mi kwa imani yangu sitaki kuingia humo, lakini dawa zote anazijua yule mwenzie. Hospitali itamsikiliza nani?
– Mlezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Imani yako hakuna aliyeigusa, hapo umeuliza swali la kazi. Kumwona mgonjwa sio shida, tangu agizo la Obama la 2010 hospitali zinazolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, lazima zimwachie mgonjwa achague wa kumtembelea. Kasheshe ni kuamua matibabu babu akiwa hawezi kuongea. Dawa yake ni fomu wanayoiita proksi, babu anaandika nani atamsemea, anasaini mbele ya watu wazima wawili na huyo aliyeteuliwa asiwe shahidi, wakili hahitajiki. Ila asaini sasa hivi akili ikiwa bado inafanya kazi!!

Ndoa nayo waifikirie. Massachusetts imeruhusu ndoa za jinsia moja tangu 2004, ya kwanza Marekani nzima, ila serikali kuu ilikuja kuzitambua 2013, na nchi nzima ikaruhusiwa 2015. Mafao ya mjane ya Social Security, yaani mfuko wa pensheni wa serikali, kwa kawaida yanataka ndoa iwe imefika miezi 9, kwahiyo wakisubiri mpaka babu yuko mahututi wamechelewa.

Halafu wazee wa rika hilo wamezoea kujificha, akiulizwa unaishi na nani anajibu peke yangu, basi anaruhusiwa kutoka hospitali na insulini mpya wakati mtu atakayemchoma hajafundishwa hata kidogo. Yule mwenzie ndo anajua kama babu anairuka dawa ya kukojoza jioni ili asiamke amke usiku, na daktari anabaki kushangaa miguu inavimba tu.

We usiwe shahidi wa hiyo fomu, na mpwa usibishane nae. Mwambie nesi msimamizi wako amuulize babu mwenyewe anataka nani amsemee, mpwa akiwa nje ya chumba. Fomu ikishasainiwa, kopi moja iende kwa daktari wake, nyingine ikae pamoja na listi ya dawa.