Kuomba kusamehewa riba ya kodi baada ya mafuriko

Masika ya mwaka 2024 maji yaliingia usiku katika ghala langu la vifaa vya ujenzi, upande wa chini wa mji wa Moshi, na kulipopambazuka mifuko ya saruji ya safu ya chini ilikuwa imeganda kama mawe. Awamu ya pili ya kodi ya mapato, ambayo sisi tunaofunga hesabu Desemba hutakiwa kuilipa ifikapo tarehe 30 Juni, niliilipa pungufu, na riba ikaanza kuhesabiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, uwezo ya kusamehe riba na adhabu, yote au sehemu, akiridhika kwamba ipo sababu ya msingi. Kodi yenyewe haisamehewi kwa njia hiyo, na nakusihi usiyachanganye mambo haya mawili katika barua yako.

Barua yangu ya kwanza ilijaa masikitiko, haikufika popote. Ya pili niliiandika kwa tarehe: siku maji yalipoingia, siku nilipofungua tena duka, siku awamu ilipotakiwa na kiasi nilichomudu kulipa, ili msomaji aone mwenyewe jinsi mafuriko yalivyozaa upungufu ule. Niliambatanisha picha za asubuhi ile, barua ya mtendaji wa kata, orodha ya mali iliyoharibika na taarifa ya benki ya miezi kabla na baada ya maafa. Risiti za EFD, yaani zile zinazotolewa na mashine ya kielektroniki ya kodi, hufifia hata zisipolowa, kwa hiyo zipige picha mapema na kuzihifadhi mbali na dukani.

Ninachojutia hadi leo ni kutorekebisha makadirio, yaani kiasi cha kodi ya mwaka mzima nilichokisia mwezi Machi, ambacho awamu hupangwa kwacho. Sheria inaruhusu kuwasilisha makadirio mapya mwaka wa mapato ukiwa bado unaendelea, na mtu aliyepoteza nusu ya bidhaa zake hana sababu ya kuendelea kulipa kwa makisio ya Machi. Usishushe kupita kiasi, hata hivyo: makadirio yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, riba nyingine inakufuata.

Wakati ombi likisubiri, niliomba kwa maandishi kulipa deni la msingi, yaani kodi yenyewe, kwa mafungu, nikakubaliwa, na sikukosa fungu hata moja. Jibu lilipokuja, sehemu ya riba ilikuwa imefutwa.