Jaribio la kuelea na kuzama: ushauri kwa mwalimu mpya wa fizikia

Karibu kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza huja na kanuni yake tayari: kizito huzama, chepesi huelea. Usibishane naye kwa maneno. Gogo la mvule la kilo 200 linaelea, msumari wa gramu 5 unazama. Muulize hivi: kitu hiki kinasukuma maji kiasi gani pembeni, na maji hayo yana uzito gani? Maji husukuma kitu kwenda juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Kani hiyo ikifikia uzito wa kitu kabla hakijafunikwa chote, kinaelea.

Anza na jiwe la gramu 270 hivi, linaloingia bila kugusa kuta kwenye kopo la kumwagia, yaani kopo lenye mdomo wa pembeni unaotoa maji yanayozidi. Jaza kopo mpaka maji yatoke mdomoni, subiri tone la mwisho lidondoke, ndipo uweke chini ya mdomo huo bika kavu uliyokwisha kuipima. Ning'iniza jiwe kwenye mizani ya springi kwa uzi mwembamba wa kushonea. Hewani mizani itasoma kama niutoni 2.7. Likizama lote bila kugusa chini, itasoma karibu 1.7. Kwenye bika utakuta kama gramu 100 za maji, yaani niutoni 1.0, ileile iliyopungua kwenye mizani.

Hesabu zikikataa, usikimbilie kulaumu mizani, ingawa sifuri yake ikaguliwe kwanza, ikiwa imening'inizwa vilevile itakavyotumika. Mara nyingi kosa liko kwenye kopo: bika iliwekwa mapema, au jiwe lilitumbukizwa kwa pupa likarusha maji nje. Viputo vya hewa vikishika jiwe, vinaongeza ujazo na usomaji unashuka. Lichovye na kulitikisa kwenye ndoo nyingine, lifute, kisha lipime. Kipande cha tofali ni chaguo baya kabisa, kwa sababu kinanywa maji wakati unasoma.

Sehemu inayowaangusha walimu wengi ni karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 kina kama gramu 4. Ukikikunja kuwa mashua kinaelea na kubeba sarafu kadhaa. Kisha mwalimu anakifinyanga kwa mkono kuwa kidonge, anakitupa majini akitangaza kitazama, nacho kinaelea! Ndani bado kuna hewa nyingi. Ili kizame, ujazo wake wote, pamoja na hewa hiyo, lazima uwe chini ya cm³ 4, maana gramu 4 za maji huchukua cm³ 4. Kunja, bana kwa koleo, kunja tena, gonga kwa nyundo. Fanya kabla ya kipindi, si mbele ya darasa.

Mbao nazo zina mtego. Tafuta kipande cha mpingo kwa wachonga vinyago, ukiweke kando ya mninga wa ukubwa uleule. Densiti ya mpingo mkavu, yaani gramu zake kwa kila cm³, ni kama 1.2 g/cm³, zaidi ya maji, hivyo unazama; mninga unaelea. Waache wabashiri kwa maandishi kwanza, maana wakishaona jibu kila mmoja atadai alilijua.

Kwa yai, yeyusha gramu 150 za chumvi katika lita moja ya maji, ukoroge mpaka punje zote ziishe. Yai bichi huzama kwenye maji ya bomba na kuelea humo. Liwe jipya: yai la siku nyingi lina mfuko mkubwa wa hewa na huweza kuelea hata bila chumvi, na hapo somo limeharibika.

Usionyeshe sindano inayokaa juu ya maji katika kipindi hiki. Ile inashikiliwa na mvutano wa uso wa maji, ni mada nyingine.

Ukiwa na muda, chora alama za shehena zilizo ubavuni mwa meli, zinazoonyesha mwisho wa maji kupanda meli ikiwa na mzigo. Mstari wa F, wa maji yasiyo na chumvi, uko juu ya ule wa S, wa bahari wakati wa kiangazi. Maji ya bahari yana densiti ya kama 1.025 g/cm³, kwa hiyo meli ileile, yenye mzigo uleule, huzama kidogo zaidi ikiingia mtoni. Waambie wakokotoe: tani 4,100 zinahitaji mita za ujazo 4,000 za maji ya bahari. Je, za mto ni ngapi?