Kabla ya Kununua Lenzi, Jifunze Saa za Kerengende

Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha za wadudu niliupoteza karibu wote kwa kosa moja. Nilikuwa nikitoka nyumbani saa tano, baada ya chai na kazi za asubuhi, nikielekea kwenye mafunjo ya Dunga, pembeni mwa jiji la Kisumu, na kurudi saa nane mchana nikiwa nimechomwa na jua, huku kadi ya kamera imejaa picha za majani ambayo kerengende alikuwa ameshayaacha. Nilidhani tatizo ni kamera. Nikaweka akiba kwa miezi kadhaa, nikanunua lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, iliyokwisha kutumika, na majani matupu yakaendelea kuja, safari hii yakionekana vizuri zaidi.

Aliyenizindua ni mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu ufukweni, ambaye aliniuliza kwa nini ninawafuata wadudu wakati wamekwisha kuamka. Swali lake lilikuwa na elimu kuliko vitabu vya kamera nilivyokuwa nimesoma. Joto la mwili wa mdudu hutegemea sana hewa na jua, na alfajiri misuli ya mabawa ikiwa bado baridi, hawezi kuruka ghafla. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi utamkuta kerengende ameng'ang'ania unyasi, mwili mzima umetapakaa umande, na ukimsogelea polepole, bila kutikisa unyasi wala kumwangushia kivuli, unaweza kufika umbali wa mkono mmoja akiwa bado ametulia. Saa hizo pia upepo huwa haujachachamaa, jambo ambalo mpiga picha wa ndege hulichukulia kirahisi lakini kwetu ni nusu ya kazi.

Ukichelewa, usikimbizane naye. Kerengende dume wa aina nyingi hulinda eneo lake na hurudi kwenye kijiti kile kile baada ya kila mzunguko. Kaa chini, elekeza lenzi kwenye kijiti, ungoje. Mimi hungoja hata nusu saa, na katika kungoja huko nimewahi kusikia miongoni mwa mafunjo jozi ya wale ndege wa kifua chekundu na utosi wa manjano wakiitikiana, ndege ambao makazi yao ni mafunjo haya haya na ambao watu wengi huwasikia tu pasipo kuwaona.

Sasa niseme kuhusu vifaa, kwa kuwa maswali mengi ninayoulizwa ni ya vifaa. Unapompiga mdudu picha ya ukubwa wake halisi, yaani uwiano wa 1:1, sehemu inayoonekana wazi kutoka mbele kwenda nyuma ni kama milimita moja tu hata ukilibana tundu la lenzi hadi f/11 (namba ikikua, tundu hupungua). Kwa hiyo amua mapema nini kiwe wazi. Jicho lisipokuwa wazi, futa picha hiyo bila huruma. Na ukitaka bawa lote lionekane, ilaze kamera sambamba na bawa. Zima fokasi ya kujiendesha, funga lenzi kwenye umbali mmoja, kisha usogeze mwili wako mbele na nyuma kidogo kidogo huku ukipiga picha kadhaa mfululizo. Usiende mbali zaidi ya f/16 ukitafuta kuongeza sehemu iliyo wazi, kwa sababu tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika na picha nzima hulegea.

Asiye na fedha za lenzi ya makro asivunjike moyo. Lenzi ya zamani ya milimita 50, ikigeuzwa nyuma mbele na kufungwa kwa pete ya bei nafuu, hukaribia uwiano huo wa 1:1. Chagua ile yenye pete ya kurekebishia tundu kwa mkono, kwa kuwa ikigeuzwa, kamera haiwezi tena kuiamuru. Flashi nayo uifunike kwa kipande cha dumu jeupe la plastiki, la sivyo mgongo wa mbawakawa utang'aa kama kioo.

Katika msitu wa Kakamega kanuni hubadilika, kwa kuwa chini ya miti ile kuna giza hata mchana, na bila flashi utahangaika. Vipepeo wakubwa wa huko hawana haja na maua yako: watafute kwenye kinyesi cha wanyama, kwenye matunda yaliyooza, au pale madume wanapokusanyika kufyonza chumvi katika tope la njiani. Kabla ya kupiga magoti, angalia chini. Nilipuuza hilo mara moja juu ya msafara wa siafu, na picha niliyoipata siku hiyo haina ubora wowote wa kutajwa.

Wapo wanaowaingiza wadudu kwenye friji ili watulie. Sikubaliani nao, kwanza kwa sababu ni kumtesa kiumbe bila haja, na pili kwa sababu mdudu aliyegandishwa hukunja miguu kwa namna ambayo mtazamaji mzoefu huitambua mara moja. Alfajiri hukupa utulivu huo huo bure.

Kumbikumbi peke yao ndio wanaonishinda kwa ratiba. Mvua ikikatika jioni huja wenyewe kwenye taa ya baraza, na nyumbani kwetu hao si wadudu wa kupigwa picha bali ni kitoweo. Nimeafikiana na mama kwamba dakika kumi za kwanza ni zangu, kisha taa na beseni ni vyake.